Kila Kiti na Hewa Yake

Gari lilikuja kwa meli, limekwishatumika,
na kwenye skrini yake maandishi ya Kijapani
yamesimama kama njiti za kiberiti zilizomwagika.
Maganga, mwenye gari, alinielekeza kwa simu:
"Usiguse kitu, Nkwabi. Kila kiti kina akili.
Kinampima aliyekikalia, akiwa na joto kinampoza,
akiwa na baridi kinampasha.
Wewe nifikishie wazee wangu Kigoma."

Tukatoka Ng'ambo alfajiri, Tabora bado imejifunika.

Nyuma kushoto Bi Mwantumu, mtu wa jasho,
mtandio begani, upepo ndio posho yake.
Nyuma kulia Mzee Kapilima,
koti la sufu, mwezi wa kumi.
Nimewaendesha miaka tisa, kwa magari mabovu na mazima,
na safari zote vita vilikuwa vimoja, vya dirisha:
Fungua, nakufa. Funga, kifua changu.
Fungua kidogo. Kidogo ya nani?
Walichafuliana hali ya hewa hadi Urambo
wakapatanishwa Kaliua, na mbung'o.

Leo, kimya.
Chini ya mama kiti kinapuliza
kwa vitundu vyembamba kama vya chekeche.
Chini ya mzee kinafukuta
kama jiko lililofukiwa majivu.
Kati yao shibiri mbili,
na ndani ya shibiri mbili mpaka wa nchi,
huku kipupwe, huku kiangazi,
wala hakuna afisa wa kugonga muhuri.
Mashamba ya tumbaku yakapita. Hakuna aliyemsemesha mwenzake.
Nikajiambia: kumbe raha ndiyo hii.

(Mimi? Kiti changu kibovu.
Kinaamini bado kiko kwao kwenye theluji,
kinanichoma makalio tangu Tabora.
Sikusema. Mwenye ajira hana majira.)

Tulipovuka Malagarasi nikaona kwenye skrini
kamchoro ka mtu, nyuma kulia,
kamekuwa kekundu.
Kiti kinaongeza. Kinaongeza tena.
Nikatazama kioo cha juu: Mzee ameuma meno.

"Una homa," alisema Bi Mwantumu.
"Sina."
"Kiti kinasema unayo."
"Ilianza juzi. Kidogo tu."

Ukapita mti, mti, mti, kichuguu, mti.
Kisha sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake,
nyembamba, ya mtu aliyeibiwa:
"Miaka arobaini na moja, Kapilima,
homa yako naijua kabla haijakufikia.
Naijua kwa unavyoshika kikombe.
Naijua kwa unavyong'ang'ania dirisha lifungwe.
Leo hukung'ang'ania.
Leo nimeambiwa na ngozi ya ng'ombe aliyekufa Ujapani.
Hiki umekioa lini?"

Mzee akacheka, au akakohoa,
sikujua kipi kilitangulia.

Uvinza nikashuka kumtafutia dawa na chai ya moto.
Kurudi, namkuta mama amevuka mpaka,
nusu kwenye kiti chake, nusu kwenye cha mzee,
kanga yake moja imewafunika wote wawili.
Gari linalia kengele, halielewi,
halikufundishwa kupima watu wawili kwa mara moja.
"Zima," akaniambia.
Nikabonyeza Kijapani chote nilichokiona
hadi likanyamaza. Hata kiti changu kikapoa.

Tukaenda hivyo, kwenye joto la kawaida, la Mungu.

"Mwantumu, funga dirisha."
"Halijafunguliwa."
"Basi lifungue, nipate cha kukukataza."

Akalifungua. Vumbi likaingia
bila kuuliza nani kakaa wapi.
Kufika Kazuramimba walikuwa wanagombana vizuri.